Sikio Halilali na Njaa

Wazee waliotutangulia walisema kwamba sikio halilali na njaa. Hata mtu asipozitaka habari, habari zitamfuata mpaka kitandani kwake. Leo basi napenda tuzungumze juu ya chakula cha sikio hilo, yaani vitabu vya kusikiliza: vitabu vilivyosomwa kwa sauti na mtu mwingine, vikanaswa, kisha vikatiwa ndani ya simu ya mkononi ili sisi tuvisikie tunapochambua maharage, tunapopiga pasi sare za wenye nyumba, au tunapokuwa safarini. Tangu mwaka huu uanze nimesikiliza vitabu kadhaa, vya kubuni na vya mambo yaliyotokea, na baadhi ya wasomaji wameniomba niseme ni vipi vinafaa kuingia katika nyumba zetu. Nitasema bila kuficha, sifa na lawama kwa pamoja.

Nilianza kuvipenda vitabu hivi katika basi la kutoka Kamembe kwenda Kigali. Kila aliyepita njia hiyo anajua kwamba basi likiisha kuingia msitu wa Nyungwe, redio huanza kukoroma na mtandao wa simu hupotea kwa kitambo kirefu. Abiria hubaki na ukungu, kona na usingizi. Kitabu kilichokwisha kuwekwa ndani ya simu hakijali mnara wala mlima. Siku hiyo niliingia msituni nikiwa na mtoto wa Bujumbura masikioni mwangu, nikatoka upande wa pili nikiwa nafuta machozi, na mama aliyekaa karibu nami akaniuliza kama nimepokea habari ya msiba.

Mtoto huyo ni Gabriel wa kitabu cha Gaël Faye kiitwacho Petit Pays, kilichotoka mwaka 2016. Ni hadithi ya kubuni, lakini imejengwa juu ya mambo yaliyotukia. Baba yake ni Mfaransa na mama yake ni Mnyarwanda mkimbizi. Mtoto anaishi katika kichochoro cha watu wenye nafasi, anaiba maembe pamoja na wenzake, na tatizo lake kubwa ni ugomvi wa wazazi. Kisha unakuja uchaguzi wa Burundi wa mwaka 1993, Rais Ndadaye anauawa mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, na baada ya hapo yanakuja ya Rwanda. Sisi wa Rusizi tunakisikia kitabu hiki kwa namna ya pekee, maana mtoto huyo anatembea hata Bukavu, ng'ambo ya daraja letu, na mtu wa Bugarama hahitaji kuelezwa joto la bonde la Rusizi lilivyo.

Sifa yake ni kwamba kinafaa sana kusikilizwa. Anayesimulia ni mtu mzima anayekumbuka utoto, na sikio humwamini mtu anayekumbuka. Lawama yangu si kwa kitabu bali kwa msikilizaji asiye mwangalifu. Iko sehemu karibu na mwisho ambapo mama yake Gabriel anarudi kutoka Rwanda, na akili yake hairudi pamoja naye. Sehemu hiyo usiisikilize usiku ukiwa peke yako, wala usiifungue mbele ya watoto wadogo. Katika kitabu cha karatasi jicho huweza kuruka mistari mitano, lakini sikio halijui kuruka. Linapokea neno baada ya neno mpaka mwisho.

Kitabu cha pili ni Afterlives cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kilitoka mwaka 2020. Nakipendekeza kwa kila nyumba ya askari, kwa sababu ni hadithi ya askari na ya wale waliobaki nyumbani. Kijana Hamza anajitolea mwenyewe kuingia katika jeshi la Wajerumani, anavaa sare, anapigana katika vita vya 1914 mpaka 1918 ambavyo havikuwa vyake, anajeruhiwa, na anarudi katika mji wa pwani akiwa maskini na kilema. Huko anakutana na Afiya, binti aliyewahi kupigwa vibaya na mlezi wake kwa kosa la kujua kuandika. Kaka yake Afiya naye alikwenda jeshini na hakurudi, na swali la wapi alikoishia linakaa ndani ya nyumba ile kama mgeni asiyeaga. Jibu sitalitoa hapa, lisikilize mwenyewe.

Vita hivyo vilifika kwetu pia. Nchi yetu wakati ule ilihesabiwa katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani. Mwaka 1914 Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, na mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yakavuka kutoka Kongo. Askari waliobeba bunduki na wapagazi waliobeba mizigo walikuwa Waafrika wa pande zote mbili, na lugha waliyoamrishwa kwayo aghalabu ilikuwa Kiswahili. Gurnah hawatukani watu hao wala hawasifu. Anawatazama tu jinsi walivyokuwa, na anatuonyesha kwamba vita vya mwanamume vinakwenda mbali kuliko mwanamume mwenyewe: vinafika jikoni, vinafika kitandani, vinafika kwa mtoto ambaye hakuwa amezaliwa.

Hapa nina lawama moja. Katika baadhi ya vitabu nilivyosikiliza, ambavyo sitavitaja, msomaji wa sauti alikuwa mgeni wa lugha zetu, akayatamka majina ya watu na miji kana kwamba anatafuna changarawe. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya kumi nilizima. Jina la mtu ni mlango wa nyumba yake. Ukiuvunja, huwezi tena kuingia kwa heshima. Wanaotengeneza vitabu hivi hawakosi mtu wa kuwafundisha kutamka jina, wangeuliza tu.

Kitabu cha tatu si cha kubuni. Ni Shake Hands with the Devil cha Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, kilichotoka mwaka 2003. Yeye ndiye aliyekuwa kamanda wa jeshi la Umoja wa Mataifa nchini Rwanda katika miaka ya 1993 na 1994. Humo anaeleza jinsi alivyoomba ruhusa na watu na magari, na jinsi alivyonyimwa. Tarehe 21 Aprili 1994, wakati mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yakiendelea, Baraza la Usalama liliamua kulipunguza jeshi lake mpaka kufikia watu 270. Anayesikiliza akiwa askari atajifunza maana ya kupewa kazi bila kupewa nyenzo. Atajifunza pia kwamba hata katika hali hiyo mtu mmoja aweza kufanya jambo: Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa kijeshi asiye na silaha, aliwaokoa watu wengi kwa kuwapitisha katika vizuizi kwa ucheshi na ujasiri, mpaka alipouawa tarehe 31 Mei 1994.

Ni kitabu kikubwa, lakini kwa sikio ni kigumu. Kimejaa vikao, vyeo na vifupisho vya majina ya vyombo, na msikilizaji akipotea hawezi kurudi nyuma kwa urahisi kutazama nani ni nani. Ushauri wangu ni kwamba anayeweza kukipata cha karatasi akisome kwa macho, ramani ikiwa mbele yake.

Kitabu hiki kilinitia mtihani ambao napenda kuwasimulieni. Jioni moja nilikuwa naosha vyombo, simu iko juu ya kabati inanguruma kwa sauti ya juu. Nilipogeuka nikamwona mtoto wa kaka yangu, wa miaka tisa, amesimama mlangoni, hata kikombe alichoshika amekisahau. Nikazima upesi. Akaniuliza, "Shangazi, kwa nini umezima? Walifanya nini baadaye?"

Sikuwa na jibu tayari. Kumwambia "si mambo yako" ni kumdanganya, maana ni mambo yake. Babu yake amelala katika kaburi la pamoja. Kumrudishia ile sauti ya mgeni imweleze ni kumtupia mzigo wa mtu mzima. Nilifuta mikono, nikakaa naye kwenye benchi, nikamweleza kwa maneno yangu mwenyewe kwa kadiri ya umri wake, nikimtazama machoni ili nijue pa kusimama. Alipouliza swali la tatu nikasema, hilo tutamwuliza baba yako Jumapili. Na Jumapili tulimwuliza. Tangu siku hiyo nimejiwekea sheria: kitabu cha mambo mazito hakichezwi hewani ndani ya nyumba kana kwamba ni muziki. Mtoto asiyajue mambo hayo kwa bahati mbaya, kupitia mlango ulioachwa wazi.

Katika mtaa wetu yuko mama mmoja mtu mzima, aliyefiwa na mume na wana wawili mwaka 1994. Nyumbani kwake hakuna redio. Nilipompelekea simu yangu nikidhani namletea faraja, aliishika kidogo, akasikiliza, kisha akaniuliza, "Huyo anayesema yuko wapi?" Nikamwambia sijui, yuko mbali. Akanirudishia. "Mwanangu, sauti isiyo na uso mimi siiamini."

Nani atamlaumu? Redio ya RTLM ilianza kutangaza mwezi wa Julai 1993. Ilikuja na muziki mzuri na mizaha, watu wakaipenda, na ndani ya mizaha hiyo ikapanda chuki, mpaka ikafika kutaja majina ya watu na mahali walipojificha. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani mwaka 2003 waanzilishi wake wawili pamoja na mhariri wa gazeti la chuki, na rufaa ya mwaka 2007, ingawa ilipunguza vifungo vyao, haikuwaacha huru. Kwa hiyo sisi tusizungumze juu ya sauti kana kwamba ni kitu cha kupitishia wakati tu. Katika nchi hii tunajua sauti inaweza kufanya nini.

Lakini tunajua pia kwamba inaweza kutenda kinyume chake. Wengi wenu mnaukumbuka mchezo wa redio wa Musekeweya, ulioanza mwaka 2004, wa vijiji viwili vya Bumanzi na Muhumuro na mapenzi ya Shema na Batamuriza. Mtafiti mmoja, Elizabeth Levy Paluck, aliufanyia uchunguzi kwa muda wa mwaka mzima. Vikundi vya wananchi vilikusanyika kuusikiliza kutoka kanda za kaseti, na vikundi vingine vikasikiliza mchezo mwingine wa mambo ya afya. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2009, yanafundisha. Imani za watu mioyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni mwenendo, na yale watu waliyoona kuwa ni desturi inayofaa katika jamii: walithubutu zaidi kupingana kwa maneno bila woga, na kushirikiana. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio na kaseti kiamue jinsi ya kuvitunza. Vikundi vya mchezo wa afya aghalabu vilimkabidhi kiongozi mara moja. Vya Musekeweya vilijadiliana kwanza, kisha vikapendelea kuvitunza kwa pamoja.

Naona siri haikuwa katika hadithi peke yake, bali pia katika kukaa pamoja. Anayesikiliza peke yake, masikio yameziba, hana wa kumwambia "hapo si kweli". Wanaosikiliza pamoja hutazamana. Jambo hili si geni. Kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o cha Caitaani Mũtharaba-inĩ, kilichotoka kwa Kigikuyu mwaka 1980, kilisomwa kwa sauti majumbani jioni, na hata vilabuni, ambako msomaji hodari alinyamaza bilauri yake ilipokauka mpaka ijazwe tena. Kabla ya simu, kila kitabu kilikuwa cha kusikiliza pale palipokuwa na mtu mmoja ajuaye kusoma na kumi wenye hamu.

Basi nilirudi kwa mama yule kwa njia hiyo. Mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa na kitabu cha Scholastique Mukasonga kiitwacho La femme aux pieds nus, cha mwaka 2008. Si cha kubuni. Mwandishi anamweleza mama yake, Stefania, na maisha yao uhamishoni Nyamata walikopelekwa kwa nguvu mwaka 1960: jinsi alivyojenga nyumba ya jadi, alivyolima mtama, alivyowafundisha watoto mahali pa kujificha askari wakija. Tulikaa kibarazani mwa mama yule, binti akasoma Kifaransa polepole na kutufasiria kwa Kiswahili, na palipokosekana neno la Kiswahili akaweka la Kinyarwanda. Mwanzoni kabisa mwa kitabu Stefania anawaagiza binti zake kwamba siku atakapokufa waufunike mwili wake kwa nguo, maana haifai mtu kuuona mwili wa mama. Mwandishi hakuwapo siku hiyo kuutimiza wosia. Kitabu ndicho nguo aliyomfunikia.

Mama yule alinyamaza. Kisha akasema, "Soma tena hapo." Binti akasoma tena. Tulikwenda jioni nne, tukakimaliza. Kati ya vyote nilivyosikia mwaka huu, hiki ndicho kilichosomwa vizuri kuliko vyote, ingawa msomaji alikwama mara nyingi na jogoo wa jirani alituingilia.

Liko pungufu moja kubwa ambalo lazima nilitaje. Vitabu vya kusikiliza nilivyovitaja nilivipata kwa Kifaransa au Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii tangu mwaka 2017, na hapa Kamembe kilikuwa lugha ya soko na ya kivuko zamani kabla ya sheria hiyo. Angalau riwaya ya Gurnah ya Paradise imekwisha kufasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, ikatoka mwaka 2022. Mwenye nakala na sauti nzuri asingoje mtu wa mbali amsomee. Awasomee wa nyumbani kwake.

Hilo laweza kufanywa hata na aliye mbali. Jirani yangu, ambaye mumewe ni askari katika kikosi cha kulinda amani Afrika ya Kati, ana mtoto wa miaka minne. Kabla ya kuondoka, baba alikaa jioni tatu akinasa katika simu vitabu vya hadithi za watoto. Masikini, alisoma kama anayeamrisha gwaride! Sungura alikuwa anapiga kelele za "mguu sawa". Mtoto hucheka, lakini halali mpaka amesikia. Na hivi karibuni, baba alipopiga simu kweli, mtoto hakuuliza "nani huyo?" kama wafanyavyo wengine. Alisema, "Baba, sungura alisahau mkia." Alikuwa ameligundua neno ambalo baba aliruka.

Namaliza kwa mawaidha machache. Saa moja ya kitabu huchukua takribani megabaiti 30 katika simu, basi kitabu cha saa 10 ni kama megabaiti 300. Kipakueni penye mtandao wa bure kabla ya safari. Aliye zamu ya ulinzi, au aliye juu ya pikipiki, asitie visikilizio masikioni hata kama hadithi imefika patamu. Sikio lake wakati huo ni mali ya kazi. Kitabu cha mambo mazito sikilizeni watu wazima kwanza, ndipo mwamue watoto wapewe nini na nani awaeleze. Na jioni moja katika wiki zimeni simu zote, mkampe kitabu yule asomaye vizuri nyumbani, awasomee wengine.

Mama yule wa mtaani bado hana redio. Lakini juzi alimtuma mtoto kumwuliza mpwa wangu kama kuna kitabu kingine. Kwa heri mpaka wiki ijayo.